Salfa ya Shangazi

Juzi nilipita Likunja nikakuta watu wanapulizia mikorosho dawa ya salfa. Harufu ile kali ilinirudisha utotoni, kijijini Marambo, mchana niliotoka shule nikilia kwa sababu wenzangu walikataa kukaa nami dawati moja, wakisema nanuka.

Shangazi alinivuta karibu, akaninusa.

"Hiyo salfa ya mikorosho, mwanangu. Inaganda sana kwapani."

Akanichotea maji, akanipa sabuni na kipande cha ndimu. Nilioga huku naimba. Kumbe sinuki mimi, inanuka mikorosho! Kesho yake nilikaa dawatini kwa raha zangu.

Nimeshakuwa mtu mzima ndipo nikakumbuka kwamba salfa hupulizwa kiangazi, na mchana ule, Shangazi akinichotea maji, mvua ilikuwa ikipiga bati letu.