Matanga ya Vibarua wa Uingereza

Utoto wangu niliumalizia Garland, nje kidogo ya Dallas, na nilipokuwa na miaka kumi na mmoja niliamini kabisa kwamba mimi ndiye niliyemfukuzisha baba yangu kazi. Nilimfukuzisha kwa wimbo.

Shuleni tulikuwa tunasoma riwaya ya vibarua wa mashambani huko Uingereza, karne ya kumi na tisa. Mashine za kupura ngano zilipoletwa, vibarua wakakosa kazi ya kuwavusha majira ya baridi. Wakazivunja, wakachoma marundo ya nyasi, na wengine wakanyongwa. Mwalimu alinichagua mimi niuimbe wimbo wao mbele ya wazazi, na kwa sauti niliyokuwa nayo sikuona ajabu. Ulikuwa wa Kiingereza, lakini ni kama kusema: mashine imekula mkate wangu, sasa kamba inataka shingo yangu.

Niliuimba sebuleni, jikoni, mpaka bafuni. Bibi mzaa baba, aliyekuja kutoka Songea kukaa nasi, Kiingereza hakukijua, ila kilio alikijua.

"We mke mwenzangu, acha uchuro! Wimbo wa msiba hauimbwi pasipo msiba. Utauita."

"Bibi, ni homework tu."

"Haya. Sikio la kufa halisikii dawa."

Siku ya nne Baba alirudi mapema kutoka kiwandani, alikokuwa akipanga biskuti kwenye maboksi. Imeletwa mashine, akasema, inapanga yenyewe. Akatukataza tusimwambie mtu. Yeye ndiye Watanzania wenzake waliyekuwa wakimwendea kwa ushauri. Leo aonekane hana kazi? Kila asubuhi akaendelea kuvaa sare ya kiwanda na kuondoka na gari, akiomba kazi mitaa ambako hakuna anayemjua.

Jumamosi nikamwambia Bibi siimbi tena, nimemponza Baba. Nikamtafsiria wimbo wote, mstari kwa mstari. Akasikiliza hadi mwisho.

"Hao walionyongwa, nani aliwalilia?"

Sikujua. Kitabu hakikusema.

"Basi msiba upo. Kosa lako umeimba bila kukaa matanga."

Akasukuma kochi, akatandika mkeka, akanifunga kanga kichwani. Kisha akaufungua mlango wa fleti wazi kabisa, joto la Texas likaingia na kiyoyozi kinanguruma. Nikaimba nikilia machozi ya kweli, naye akiitikia kwa Kingoni.

Mama Neema, jirani yetu wa ghorofa ya juu, akapita na kapu la nguo, akienda chumba cha kufulia cha jengo zima. Akaona mkeka, kanga, machozi. Loo! Hata hakuuliza, akakimbilia simu. Hazikupita saa mbili, watu wakawasili kutoka miji jirani ya Irving na Grand Prairie na masufuria ya wali, wanawake wakiangua kilio tangu kwenye maegesho.

Baba alirudi akawakuta wamejaa mlangoni. Akauliza:

"Ni Mama?"

"Mimi nipo," Bibi akamjibu kutoka mkekani. "Tunalilia kazi yako. Na Waingereza fulani."

Kisha mtu mmoja akacheka, wote wakacheka, na Baba akakaa mkekani na sare yake, akajifunika uso kwa kofia, akalia. Sikuwahi kumwona analia. Nilitamani ardhi inimeze.

Wali ukaliwa. Mwanamume mmoja wa Grand Prairie akamwambia, "Jumatatu njoo ghalani kwetu, kaka. Ulinyamaza kwa nini?"

Wiki iliyofuata niliimba shuleni bila kutetemeka hata kidogo. Wafu wangu walishaliliwa.

Miaka mingi nimekisimulia kisa hiki kama kichekesho cha Mama Neema. Siku hizi naamini uchuro tulikuwa nao kweli nyumbani, na ulikuwa ile sare Baba aliyoivaa kila asubuhi ili kuwadanganya watu. Na nimekumbuka jambo jingine: Bibi aliogopa wezi mno, mlango wetu kila siku aliufunga kwa komeo na kuuwekea kiti. Siku ile aliufungua mwenyewe.

Nilimuuliza kwenye simu, mwaka mmoja kabla hajafariki. "Bibi, ulijua Mama Neema atapita?"

"Mke mwenzangu," akasema, "Jumamosi saa nne si ndiyo zamu yake ya kufua?"