Mzee Aliyeuliza kwa Nini Kompyuta Izimwe

Sinywi, sivuti, na miwani yangu ni mipya. Nayasema haya mapema kwa sababu najua mtanicheka. Niliyemwona nilimwona mchana peupe, dukani kwangu hapa Umoja, na nikamkaribisha kwa mdomo wangu huu.

Nina saiba ndogo, duka la kompyuta na intaneti. Watu huja kuchapisha vyeti, kujaza fomu za serikali, na zaidi ya yote, kutengeneza vijitabu vya mazishi. Huku kwetu mtu hasafirishwi kwenda kuzikwa kwao magharibi mwa nchi bila kijitabu chenye picha zake na maisha yake, waombolezaji watauliza. Siku hiyo Nekesa, dada anayeuza nguo mtaani, alikuwa ameandika cha baba yake mwenyewe kwenye mashine ya pembeni. Sikukiangalia, kazi yangu ilikuwa kuchapisha tu. Wino wa printa ulikuwa umeisha, kwa hiyo alikwenda mjini kuutafuta, akaniachia onyo.

"Anti, tafadhali, hiyo mashine usiiguse. Simu iliyokuwa na picha za buda, baba yangu, iliibwa juzi. Haziko kwingine, na basi linatoka jioni."

Sasa, mashine hiyo ni kikongwe. Ukiizima, huenda isiamke. Nilikuwa nimeibandika karatasi: USIZIME. Asubuhi ilikuwa imepokea masasisho ya usalama, zile apdeti za kuziba matundu yanayopitiwa na virusi, na tangu hapo ilikuwa ikiniomba niiwashe upya. Kila ikiomba, nabonyeza "Baadaye". Kisha mtandao ukakatika mtaa mzima, na flashi ya duka ilikuwa imeondoka na mteja, kwa hiyo hata kuinakili kazi ya Nekesa sikuweza.

Nikainua macho, mzee ameketi mbele ya mashine ile. Koti la kahawia, kofia mapajani. Sikumsikia akiingia, ilhali mlango wangu wa chuma hulia kama mbuzi. Niamini, wakati ule hilo halikunishtua. Nilidhani ni mteja mpole, na wateja wapole ni wachache.

"Hii inataka nini?" akaniuliza, akionyesha kioo.

"Karibu, mzee wangu. Inataka kuzimwa na kuwashwa tena. Imewekewa apdeti."

"Imeshawekewa?"

"Imeshawekewa."

"Sasa kuzimwa ni kwa nini?"

Hapo alinipata. Mimi ukiniuliza swali la kompyuta, huninyamazishi. Nikamweleza kwamba programu ikishafunguliwa hukaa kwenye kumbukumbu ya mashine na kufanya kazi kutoka huko. Apdeti huleta mpya na kuiweka kwenye diski, lakini ile ya zamani imeshashika kazi, na huwezi kuing'oa katikati, kwa sababu mengine yote yanaitegemea. Mpaka mashine izimwe. Ikiwaka tena, ndipo inapoanza na ile mpya.

"Kwa hiyo saa hii inayofanya kazi ni ipi?"

"Ya zamani."

"Na tundu lake?"

Nikajikuna kichwa. "Bado lipo."

"Na hiyo ya zamani, inajua imeshaondolewa?"

"Itajuaje, mzee? Inaendelea tu na kazi."

Akaitazama mikono yake, juu na chini, kwa muda mrefu. Halafu akaanza kucheka, kicheko cha mtu aliyekumbushwa jambo, mpaka akajifuta machozi. Nami nikacheka bila kujua tunacheka nini.

"Basi izime, binti yangu," akasema. "Ipumzike."

Wewe ungefanya nini? Nilihifadhi kazi ya Nekesa, nikabonyeza, roho mkononi. Kioo kikawa cheusi. Kikakaa cheusi. Nilimlaani yule mzee kimoyomoyo, na mimi mwenyewe pia. Kisha ikawaka. Nikakifungua kijitabu haraka kuhakikisha kipo.

Kilikuwepo. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na picha ya koti la kahawia, na juu ya koti, uso ule ule. Chini yake: Mzee Barasa, baba yake Nekesa. Niligeuka. Kiti kilikuwa kitupu, na mlango haukulia.

Nikiwa bado nakitazama kiti, akaingia mteja na flashi yake. Nikaichomeka kwenye mashine ile ile bila kufikiri. Mashine ikaonya, ikaifungia nje: virusi. Mteja alikuwa ametoka nayo saiba ya jirani, na huko faili zote zilijifunga jioni hiyo, hazijafunguka hadi leo.

Nekesa alirudi na wino, tukachapisha, basi yeye na jamaa zake wakaliwahi. Lakini kabla hajaondoka nilimwambia nimemwona baba yake. Sikuweza kunyamaza.

"Aliuliza maswali?"

"Mengi."

"Ni yeye. Alianguka kiwandani, Anti, huko Industrial Area, akiwa kazini. Hata hakujua kimempata nini." Akanishika mikono. "Akienda, alikuwa aje?"

"Alikuwa anacheka."

Nekesa akalia, akacheka, akalia tena. "Basi sawa," akasema. "Wacha tumpeleke nyumbani."

Tangu siku hiyo mashine zangu huwashwa upya siku ile ile zinapoomba. Wateja hunung'unika, nawaacha wanung'unike. Nalala vizuri. Mzee hajarudi, na nimefurahi kwa ajili yake, ingawa kile kiti bado nakitupia jicho.

Nawe, mashine ikikuomba, usiiambie baadaye. Na ukimkuta mtu mpole ameketi mahali ambapo hukumwona akiingia, anauliza maswali, usipige kelele. Mjibu taratibu. Huenda hakuna aliyewahi kumwambia kwamba ameshaondoka.