Masale Niliyopanda kwa Ajili ya Paka

Baridi ya mwezi wa saba huku kwetu juu ya Maji ya Chai haina haraka. Ukungu unashuka kutoka mlimani asubuhi, unapita kwenye migomba, unaingia bustanini na kukaa humo kama mgeni aliyekwisha vua viatu. Mwaka ule nilikuwa natoka na kigoda changu cha jikoni na kikombe cha chai, nakaa kwenye kona ya bustani penye kaburi la mume wangu. Kushoto kwangu figiri na mnavu, kulia vitunguu, mbele yangu yeye. Mlima hauonekani, nyumba ya jirani haionekani, siku nyingine hata miguu yangu mwenyewe naiona kwa shida. Nampa habari za nyumbani. Ng'ombe amepunguza maziwa. Bati la jikoni linavuja palepale. Sikuwa nalia. Kulia nilikuwa nimemaliza.

Kaburi lilikuwa bado udongo mtupu. Kwetu halijengewi siku hiyohiyo. Linaachwa lishuke lenyewe, mvua zipite, ndipo fundi aitwe na saruji yake. Nilikuwa nimepanda juu yake maua madogo ya njano, na kila baada ya siku mbili nayapalilia kwa mkono na kuulainisha udongo. Udongo wa mlima huu ni mweusi, mwepesi. Ukiushughulikia unakuwa kama unga.

Asubuhi moja nikakuta maua matatu yameng'olewa, kishimo kimechimbwa na kufukiwa, na harufu. Sikuhitaji kuuliza. Anayechimba, akajisaidia, akafukia vizuri namna ile ni mmoja tu. Na ilikuwa pale kwenye kifua, kama unajua alivyolazwa.

Paka walikuwa wa jirani yangu. Alikuwa nao watatu, mmoja mweupe na wawili wa rangi ya majivu, anawafuga kwa sababu ya panya wa mahindi. Huyu jirani ni mjane kama mimi, mdogo kwangu kwa miaka michache. Tumekaa ukuta kwa ukuta tangu tukiwa tunaolewa, isipokuwa ukuta wenyewe ni mstari wa masale. Ile mimea yenye majani marefu ndiyo mpaka wetu huku, haihitaji waya wala karatasi. Mume wangu na mume wake waliyapanda pamoja, wakilishika kila shina kwa mikono minne, wazee wakishuhudia. Baadaye mashina mawili yalikufa kwa ukame, likabaki pengo la kupita mtu mmoja, na hilo pengo ndiyo njia yetu. Chumvi imepita pale, na makaa ya moto, na watoto wakikimbia fimbo. Siku mume wangu anakata roho, huyu jirani alipita pale bila viatu, na ndiye aliyemshikia kikombe cha maji.

Nikapita pengoni, nikamkuta anachambua maharage.

"Mdogo wangu, paka wako wananichafulia kaburi."

Akacheka kwanza. "Sasa dada, paka nimchimbie choo?" Halafu akaniangalia usoni, akaacha kucheka. "Pole. Nitawafungia stoo asubuhi."

Akawafungia siku mbili. Siku ya tatu walikuwa wamejua dirisha.

Ikawa mchana, nikishakula, nakaa barazani na usingizi wa uzee unanichukua nusu. Humo kwenye nusu usingizi nasikia udongo unakwanguliwa taratibu, kru, kru, kama jembe la mume wangu alipokuwa anapandishia vitunguu matuta. Nasikia na kufurahi. Nasema moyoni, amerudi kumalizia tuta. Nafumbua macho, jua limepasua ukungu, maua yanang'aa, na yule paka mweupe amechuchumaa katikati yake. Nikamtazama, akanitazama. Akamaliza kwanza, ndipo akaondoka.

Jumapili mwanangu akapanda kutoka Sombetini. Nikamweleza. Akasema, "Mama, hiyo ni kazi ya siku moja. Nakuletea dawa, unaweka na dagaa."

"Umuue paka kwa sababu ametafuta mahali laini?"

"Si anakuchafulia baba?"

"Baba yako alikuwa anawapa maziwa hao. Kunywa chai yako."

Akanywa chai yake. Lakini maneno yake yalibaki hapo barazani siku nzima kama harufu ya mafuta ya taa, na nilijua kwamba hasira yangu ikiendelea kukua, siku moja nitayafikiria vizuri.

Basi nikaanza kujaribu. Nikamwaga maganda ya machungwa, kwa kuwa wanasema paka hapendi ile harufu. Yakakauka siku moja, kuku wakayatawanya. Nikamwaga majivu ya jikoni. Hapo ndipo nilipofanya ujinga, maana majivu yakaufanya udongo uwe laini zaidi, wakaja wote watatu. Nikalaza matawi ya michongoma yenye miiba, na wa kwanza kuchomwa nikawa mimi. Maji yalisaidia, paka hataki kuchimba tope, lakini maji ya mfereji zamu yetu ni Jumanne tu, na Alhamisi udongo umekauka.

Ndipo nikaliangalia lile pengo. Nikasema, hapa ndipo wanapopita. Nikikifunga kipito hiki, yamekwisha. Nikakata vipande vya masale kutoka upande wangu, saba, nikavichomeka pengoni vimebanana kiasi cha panya tu kupita. Sale ukilichomeka linashika, halina makuu. Ukungu ulikuwa mzito, hakuna aliyeniona. Nilinawa mikono nikajisikia mtu aliyemaliza kazi.

Sasa mtu wa huku akisoma hapa ameshashika kichwa. Mtoto mdogo anajua: sale la mpaka halipandwi na mtu mmoja. Ukilipanda peke yako umesema ardhi ni yako, umesogeza jirani bila kumwita. Mimi nimelijua hilo tangu sijaota meno ya utu uzima. Lakini nilikuwa nawaza paka. Siku ile sale kwangu lilikuwa mti wa kuzibia tundu, basi.

Jirani hakuja tena. Siku ya kwanza nilidhani ana mafua. Siku ya pili nilimsikia akikohoa upande wa pili, nikaita, "Mdogo wangu, umeamkaje?" Kikohozi kikahamia nyuma ya nyumba. Siku ya nne ukungu ulikuwa umefunga kila kitu, na nikiwa pale kwenye kigoda nikamsikia anasema, karibu kabisa, kama anaongea na migomba:

"Mume wake asingenifanyia hivi. Amemngoja afe."

Chai ikanipoa mkononi. Nikayaangalia yale masale saba, yamesimama wima, yana umande, na kwa mara ya kwanza nikayaona kwa macho yake. Nilikuwa nimempandia mpaka mjane mwenzangu wakati wa ukungu. Na juu ya hayo nimefunga njia aliyopita bila viatu.

Paka hawakuwa wamekoma, vilevile. Walikuwa wanazunguka kupitia mferejini.

Nilitaka nimwite hapohapo. Nikaona hapana, jambo hili halisemwi kupitia majani. Nikachuma jani moja la sale, refu, nikalifunga fundo katikati kama inavyotakiwa huku kwa anayekwenda kuomba msamaha. Nikavaa kitenge kizuri na viatu. Sikupita pengoni, nilishaliziba mwenyewe. Nikatoka hadi barabarani, nikazunguka pale wanapopaki bodaboda, nikaingia kwa geti lake la mbele ambalo sikumbuki kama nilishawahi kulishika. Ilikuwa kama ndoto ile ambayo unakwenda nyumbani kwako na nyumba imegeukia upande mwingine.

Alikuwa barazani, paka mweupe mapajani. Hakusimama.

"Umekuja kwa barabara," alisema, "kama karani wa sensa."

Nikalinyoosha jani kwa mikono miwili.

"Nimekosa," nikasema. "Niliyapanda kwa ajili ya paka. Sikukumbuka mtu. Shamba sikuligusa hata kwa wazo, lakini nilipanda peke yangu, nawe upo hai. Nimekosa."

Aliyemletewa sale anatakiwa alipokee, hata kama ameuawa ndugu yake. Hilo analijua na mimi nalijua. Lakini hakuna anayesema alipokee kwa haraka. Akaniacha nimesimama. Akamkuna paka shingoni, akaangalia migomba, akaangalia viatu vyangu.

"Siku nne," akasema.

"Siku nne."

"Chumvi nimenunua dukani siku nne hizi, dada. Mimi, kwenda dukani kwa chumvi."

Ndipo akanyoosha mkono akalichukua lile jani, akaliweka mapajani, paka akaanza kulinusa. "Lingekuja na sukari," akasema, "ningesimama." Akasimama hivyohivyo. Akalia kidogo na mimi nikalia, kumbe sikuwa nimemaliza.

Tulikunywa chai yake, ambayo huwa anaitia tangawizi kupita kiasi. Nikamwambia yote, maganda, majivu, miiba. Majivu yalimchekesha mpaka akashika mbavu. Sikumwambia habari ya dagaa wa mwanangu. Halafu akasema, "Kile nilichokujibu siku ile, nimchimbie choo. Kumbe ndicho chenyewe."

Kesho yake tukafanya. Upande wake, nyuma ya stoo, pakavu chini ya upenu, tukachimba mahali pa upana wa mkeka, tukajaza mchanga wa mtoni uliochekechwa, laini kuliko kaburi lolote. Akachota uchafu wao kidogo kutoka kwangu akauweka pale, ili wajue ni kwao. Upande wangu nikaacha kulainisha udongo. Nikapanga mawe bapa ya mtoni juu ya kaburi, na kati ya jiwe na jiwe nikabakiza nafasi ya ua, si nafasi ya paka kuchimba. Paka akikosa pa kukwangua na akapewa pazuri zaidi, hana ugomvi na mtu. Baada ya wiki mbili walikuwa wanakwenda nyuma ya stoo kama waumini.

Yale masale saba tuliyang'oa pamoja. Mawili tukayarudisha, moja kila upande wa pengo, tumeyashika kwa mikono minne. Mzee mmoja wa kijijini aliitwa aone, akauliza pengo la nini. Jirani yangu akamjibu, "La chumvi."

Fundi bado hajaitwa. Mwanangu anauliza kila Jumapili, namwambia udongo haujashuka. Asubuhi nakaa kwenye kigoda, ukungu unaingia, hakuna mlima, hakuna nyumba. Mawe yanapopata jua kidogo, paka mweupe anapita pengoni, anapanda juu ya lile jiwe kubwa la kifuani, anajikunja na kulala. Hachimbi. Nyuma yake nasikia kandambili zinakuja kwenye umande, na mtu anauliza kama chai imebaki.