Shuka la Kumi na Mbili

"Anua shuka lako, Burga! Kesho Krismasi, au na hilo umesahau?"

Zenzi alisimama kwenye ngazi ya nyuma ya nyumba yake, mikono kiunoni, akipiga kelele kuvuka ua. Ilikuwa saa kumi jioni na jua lilikuwa limeshazama nyuma ya mlima tangu saa nane, kama ilivyo kawaida ya bonde lile mwezi wa Desemba. Dirisha la jiko la nyumba ya pili likafunguka. Kwanza kilitoka kikohozi, kisha kichwa cha mdogo wake Notburga, kimefungwa kitambaa.

"Shuka gani tena?"

"Hilo hapo kwenye kamba! Jeupe, lina herufi nyekundu pembeni. Unataka Msafara upite ulichukue?"

"Dada, kamba yangu haina kitu. Nilianua tangu juzi. Kavae miwani."

"Miwani ni ya kusomea. Shuka naliona bila miwani!"

"Basi ukilipenda, lianue mwenyewe." Dirisha likafungwa, pwaa.

Zenzi hakuwa mwanamke wa kuacha nguo nje msimu ule. Tangu Krismasi hadi sikukuu ya Wafalme Watatu kuna usiku kumi na mbili ambao si wa watu. Msafara wa wafu hupita angani, Bibi Perchta, kiongozi wao, mbele, na chochote kinachoning'inia kwenye kamba hunaswa. Shuka likinaswa, mwaka huohuo hurudi nyumbani kama sanda, na mwenye kamba ndiye huvishwa. Hili halibishaniwi. Hata padri, ambaye hakosi la kusema juu ya kila kitu, hufua mapema.

Basi alipandisha sketi akavuka ua, theluji ikimfika magotini. Alipofika, kamba ilikuwa tupu. Kulikuwa na vibanio viwili vya mti tu, vimeganda kwa barafu. Mtu mwingine angegeuka akaenda zake, lakini Zenzi alikuwa amefua nguo za watu miaka arobaini na saba. Alivitazama vile vibanio, akaupima kwa macho umbali kati yake. Ulikuwa upana wa shuka moja, kamili.

Alianza kufua akiwa na miaka kumi na minne, mashuka ya nyumba ya wageni kando ya barabara, kwa maji ya majivu na brashi ya manyoya ya nguruwe. Aliolewa na Vinzenz, mkata magogo, akakaa naye miaka sita mpaka gogo moja lilipoteleza mlimani na kumuua. Watoto hawakujaaliwa. Alichobaki nacho ni mikono iliyochubuka, ulimi, na kumbukumbu ya kila kitu chake kilicholala kwa watu. Maana kuna sheria nyingine ya msimu ule: kilichoazimwa kirudi kwa mwenyewe kabla ya usiku wa kwanza, la sivyo mwaka mzima unafungwa fundo. Kila tarehe ishirini na moja Desemba, siku ambayo mchana ni mfupi kuliko zote, Zenzi alizunguka kijiji na kikapu.

"Chungio langu."

"Zenzi, hata chai hujanywa..."

"Chai nitakunywa. Chungio kwanza."

Wanawake walimwona kwa mbali wakaanza kupekua makabati. Ungo, sindano ya kufumia, nusu mche wa sabuni: alivikumbuka vyote. Mwaka ule alirudi na kikapu kimejaa, akajiambia kuwa hana kitu cha mtu wala mtu hana kitu chake. Aliingia kwenye Krismasi akiwa mwepesi kama karatasi.

Ndoto za usiku ule kumi na mbili ndizo mwaka wenyewe: ya kwanza ni Januari, ya pili Februari, hadi mwisho. Zenzi aliziandika asubuhi kwa penseli kwenye kalenda iliyoning'inia jikoni. Ya kwanza aliota kuku aliyevaa viatu, akacheka. Ya pili hakuota kitu. Ya tatu alimwota mama yao.

Mama alikuwa ameinama kwenye hori la kufulia, amempa mgongo, akitoa mashuka majini moja moja na kuyahesabu. Nane. Tisa. Kumi. Kumi na moja. Hapo akasimama. Akaingiza mkono majini, akapapasa chini, akapapasa tena, kisha akayarudisha yote na kuanza upya. Moja. Mbili.

Usiku wa nne alirudi. Wa tano na wa sita pia. Aprili, Mei, Juni, zote zikajaa mashuka. Na kila jioni, saa kumi, Zenzi akitoka kumwaga maji, shuka lilikuwa kwenye kamba ya Burga, halitikisiki hata upepo ukivuma. Akilisogelea, hakuna. Akirudi kwenye ngazi, lipo. Na kikohozi cha Burga kilisikika kuvuka ua, kila siku kikitoka chini zaidi, kama mtu anayekokota samani kwenye sakafu ya mbao.

Zenzi alijumlisha. Kamba ni ya Burga, kifua kibovu ni cha Burga, mama anakuja kuchukua mtu. Ndugu yake huyo mmoja tu, ambaye kwa miaka tisa hakuwa akizungumza naye ila kwa kufokeana dirishani, hangefika mwisho wa mwaka.

Siku ya mwaka mpya alifunga mkate wa mapea makavu kwenye kitambaa akaenda kubisha hodi.

"Umepotea njia?" Burga akasema mlangoni.

"Nipishe, baridi inaingia."

Alikaa kwenye benchi la jikoni karibu na jiko la vigae linalopasha nyumba joto. Burga alikata mkate bila kumtazama. Alikuwa amekonda mpaka pete ya ndoa ameifunga uzi isimtoke.

"Kifua hicho umemwonyesha daktari?"

"Nimemwonyesha. Amesema nipumzike. Na wewe umekuja kuangalia kama nimeshakufa?"

"Burga, sikia. Una mashuka mangapi kwenye sanduku lako la harusi?"

Kisu kikasimama kwenye mkate.

"Kumi na moja," Burga akasema.

"Mama alitufumia kumi na mawili kila mmoja."

"Alitufumia. Kwani wewe hujui la kumi na mbili liko wapi?"

Zenzi alijua. Alijua kabla hajauliza, ila ujuzi huo alikuwa ameuwekea mfuniko. "Lile lilikuwa la mama! Tulimzika nalo. Sasa unamdai maiti?"

"Mama simdai. Mama alifia kwako, wewe ukavuka ua ukasema, Burga, nipe shuka zuri tumlaze mama, nitakurudishia kabla ya Krismasi. Nikakupa. Na wewe ulikuwa na yako, mengine hayajaguswa. Hukutaka kutoa hata moja."

"Nilikuwa nimechanganyikiwa!"

"Ulichanganyikiwa mwaka wa kwanza. Hii ni Krismasi ya tisa, dada. Kila mwaka nakuona unapita na kikapu, mpaka sindano unadai. Mlangoni kwangu hupiti."

Zenzi aliinuka, akaacha mkate, akaenda zake. Njiani alikuwa na majibu mazuri sana, kama sita hivi. Hakuna hata moja lililofika nyumbani likiwa zima.

Siku ya mwisho, tarehe tano Januari, mwanga ulipoanza kufifia, alitia makaa kwenye chetezo, akanyunyiza ubani na utomvu wa msonobari, akaanza kuzungusha moshi nyumbani. Hapo hakuna kusema. Unasimama kila mlango, unafikiri jambo la chumba kile ambalo hukulinyoosha, moshi unalichukua, unakwenda mlango unaofuata. Kwa miaka yote Zenzi alikuwa akifikiri makosa ya wengine. Jikoni: chumvi ya jirani. Ghalani: kuni za shemeji.

Akafika chumba cha nyuma, alichofia mama. Moshi haukuingia. Ulishuka kizingitini, ukalala sakafuni kama mbwa aliyekatazwa, ukarudi miguuni pake. Aliupepea kwa aproni. Ukarudi. Ndani kulikuwa na kitanda kitupu na sanduku lake la harusi, na ukimya wa mtu anayehesabu kimoyomoyo.

"Sawa," Zenzi akasema kwa sauti, na kusema ni mwiko. "Sawa, mama."

Aliweka chetezo chini, akafungua sanduku. Katika kumi na mawili yake yalikuwa yamebaki matatu, mengine yamechakaa. La chini kabisa lilikuwa halijalaliwa na mtu. Hilo alikuwa ameliweka kwa ajili ya siku yake mwenyewe, wamlaze juu yake watu waone Zenzi alikuwa nani. Akaingiza mkono, akautoa haraka.

Lilikuwa limeganda. Ndani ya sanduku lililofungwa, chini ya blanketi za sufu, shuka lilikuwa gumu kama ubao, lina barafu kwenye mikunjo, na kwenye pindo lake la juu kulikuwa na alama mbili za vibanio.

Hakutaka kulifikiria. Alilikumbatia, akatoka nalo. Uani kamba ilikuwa kulia kwake, na kulikuwa na kitu kwenye kamba, na hakugeuza shingo. Kilimgusa shavuni alipopita, kibichi, kikinuka maji ya majivu. Alitembea. Alibisha kwa kiwiko.

Burga alilitazama shuka, akamtazama dada yake.

"Mbona limeganda?"

"Usiniulize. Ni la kwako. Limechelewa."

Burga akalipokea kwa mikono miwili, akaenda dirishani nalo, akachungulia nje muda mrefu.

"Limeondoka," akasema.

"Nini kimeondoka?"

"Lile la kwenye kamba."

Zenzi akashika ukingo wa meza. "Ulikuwa unaliona?"

"Tangu ile jioni uliponifokea. Nilidhani nikikubali kwamba naliona, litakuwa langu."

Kisha Burga akalitandaza shuka juu ya jiko la vigae, barafu ikaanza kudondoka na kulia chwi, chwi. Akakohoa, lakini kifupi.

"Na wewe? Hili si ndilo la siku yako?"

"Ndilo."

"Sasa utazikwa na nini, Zenzi?"

"Nitakuja kuazima."

Burga alicheka mpaka akashika ubavu. Shuka lilipokauka alilikunja, kona kwa kona, Zenzi akishika upande wa pili kama walivyofanya utotoni. Akalibeba mpaka kwenye sanduku, akalilaza juu ya mengine, akayapitishia kidole taratibu kutoka chini.

"Kumi na mbili," akasema, akafunga kifuniko.