Dalali Asiyepanda

Zamani muuza gari alikaa kando ya mnunuzi mpaka mwisho wa barabara; dalali huyu wa siku hizi anakukabidhi ufunguo, kisha anarudi nyuma. Vidole vyake laini havikuacha kulipapasa lile gari jekundu la mbio, lililokwishatumika na kupakwa rangi upya, kama anayembembeleza mbwa mkali. “Panda na binti yangu akilijaribu,” baba wa mnunuzi alimwomba. “Sina mwingine.” “Mzee wangu, mbio zinanipa kizunguzungu!” Dalali alicheka kwa sauti nyembamba, huku akimfungia binti mkanda na kuuvuta tena na tena. Injini ilinguruma, gari likachomoka. Mara ya mwisho baba kumwona dalali, alikuwa amejibanza nyuma ya nguzo ya geti, macho kayafumba, akisubiri kusikia kama breki zitashika kwenye kona.