Mlango Tuliourudisha na Kufuli Lake

Nakumbuka vizuri, mwanangu, asubuhi ile wanaume walipopanda juu ya ukumbi wetu wa kijiji wakaanza kung'oa mabati mazima, yasiyovuja hata tone, huku wingu limetanda upande wa kisiwa cha Rukuba. Nilikuwa mke mchanga, bado mgeni katika kijiji hiki, na nilidhani watu wa ukweni kwangu wamerukwa na akili. Leo nasema hao ndio watu wenye akili timamu kuliko wote niliowahi kuishi nao.

Nakusimulia haya kwa sababu ufunguo wa ukumbi umefika nyumbani kwako mwezi huu, na nimesikia kuna bwana kutoka mjini anataka kutuwekea vigae na feni, mradi ufunguo akae nao yeye. Nimesikia pia kwamba ulitabasamu. Kaa hapo, na hiyo simu iweke chini.

Kuta zile zilijengwa na watu wa hapa. Wavuvi wa dagaa hawaendi ziwani mbalamwezi ikiwaka, maana taa zao hazivuti kitu, kwa hiyo siku hizo ndizo zilikuwa za kazi ya kijiji. Wanaume walipasua mawe, wanawake wakabeba mchanga na maji. Kuta zikasimama, lakini paa likatushinda. Ndipo akajitokeza Mafuru, mzaliwa wa hapa hapa, aliyetajirika kwa kununua dagaa wetu na kuwapeleka Musoma. Akaleta mabati na mlango mzuri wa mninga. Tulimpigia vigelegele, nami nilipiga hadi koo likakauka. Akaomba jambo dogo tu, ufunguo ukae dukani kwake ili mali isiibiwe. Nani angemkatalia?

Mambo yalikwenda vizuri kwa muda. Kwaya ilifanya mazoezi mle, wafiwa walijikinga mvua. Kisha Mafuru akataka kujenga ghala mwaloni, mitumbwi inapofikia, pale pale kwenye miamba tunapoanika dagaa. Bila miamba ile, mwanamke wa kijiji hiki hakuwa na chake. Mwenyekiti wa kijiji akaitisha mkutano tulizungumze, akatuma mtu dukani kuchukua ufunguo. Jibu likaja kwamba ufunguo umekwenda Musoma na mwenyewe. Akangoja, akatuma tena, akapata jibu lile lile. Akakuna kichwa, akasema basi tukutane nje, uwanjani.

Mama mkwe wangu, Bibi Nyanjura, alikuwa mfupi, lakini sauti yake ingeweza kuurudisha mtumbwi uliokwisha kung'oa nanga.

"Uwanjani?" akamwuliza mwenyekiti. "Mawe tulibebaga sisi, halafu tukae uwanjani kama tumekuja kuhemea chakula? Mimi nakaa ndani."

"Mlango ni wa mtu, mama. Ukiuvunja ni kesi."

"Nani amesema kuvunja? Tunamrudishia vitu vyake."

Nikamnong'oneza kwamba mvua inakuja, kwa nini tusimsubiri Mafuru arudi tumwombe vizuri. Alinigeukia akanitazama hadi nikatamani kurudi kwetu Bunda.

"Mkamwana, leo unamwomba ruhusa ya kuingia kwako," akasema. "Kesho utamwomba pa kuanika. Hiyo kuomba utaiacha lini?"

Maneno yale, mwanangu, hayajanitoka hadi leo.

Zilikuwa siku za mbalamwezi, wanaume wote wapo. Bibi akawaita, nao wakapanda. Bati baada ya bati likashuka, tukayabeba vichwani hadi dukani kwa Mafuru, tukayapanga barazani bila kupinda hata moja. Mlango nao ukang'olewa pamoja na fremu yake, kufuli likiwa bado limefungwa, tukauegemeza ukutani pale. Mkewe alitoka, akatutazama, akarudi ndani.

Mafuru mwenyewe alirudi mchana na gari lake. Akasimama mbele ya ule mlango uliofungwa usiokuwa na nyumba, ufunguo uko mfukoni mwake. Nadhani alikuwa na mengi ya kusema, ila lililotoka ni moja.

"Mmenitobolea mabati."

"Tundu zinazibwaga na lami," Bibi akamjibu. "Karibu mkutanoni. Pita tu, hakuna mlango."

Akaja, akasimama nyuma. Mvua ikatunyeshea mle ndani kama haina adabu, khanga zikatuganda mwilini, watoto wakalia, na hakuna aliyetoka. Mwenyekiti akauliza nani anataka miamba ibaki kwa waanikaji. Mikono ikainuka kwenye mvua, na miongoni mwake nikauona mkono wa mama mzazi wa Mafuru. Ghala halikujengwa.

Tulikaa bila paa muda mrefu, na walitucheka hadi kijiji cha Nyegina. Lakini ndipo tulipoanza utaratibu huu unaouona wa kawaida. Giza likirudi na mitumbwi ikaingia ziwani, kila mtumbwi hutoa ndoo ya dagaa kwa ajili ya ukumbi. Wanawake huanika, huuza, na kilichopatikana husemwa mbele ya wote. Paa hili na mlango huu vimetoka kwenye ndoo hizo. Na kila mbalamwezi ufunguo huhamia nyumba nyingine, hata kwa mlevi, hata kwa mjane asiye na kitu, hata kwa yule uliyegombana naye. Hakuna anayekaa nao hadi akauzoea.

Sasa umekufikia wewe. Basi nasaha yangu ni hii, na sitaizungushia maneno: zawadi pokea, ufunguo usitoe. Bwana wa vigae akileta vigae bila sharti, mpikie sato na mshukuru. Akitaka ufunguo, mwambie sakafu ya saruji inatutosha, na joto tunalijua tangu kuzaliwa. Usimtukane, lakini usimwombe radhi pia. Na ukumbi ukichakaa, usitafute tajiri kwanza, nenda mwaloni na ndoo.

Mungu akubariki, mwanangu. Mitumbwi yako irudi na watu wake wote, wanao wakue wakiwa na sauti ya Bibi Nyanjura, na mvua ikunyeshee tu pale ulipoamua mwenyewe kusimama. Nenda ukamjibu. Akikuuliza hilo sharti lake tunaliogopea nini, mpeleke dukani kwa kina Mafuru. Ule mlango bado wanao, na kufuli lake halijafunguliwa.