Medali ya Mbwa Mwingine

Mimi sijui kutulia, niseme mapema. Mbwa akinikaribia hata leo, nasimama. Baba yangu mdogo aliumwa na mbwa mwenye kichaa, nami nikiwa msichana ndiye niliyemshikia kikombe. Alilia kiu, lakini maji yakifika mdomoni koo linamkaza, anapiga kelele, anamtukana mama yake mzazi. Alikufa vile.

Basi nikaolewa na nani? Na mwindaji! Kijiji chake kilikuwa barabara ya Kasongo kwenda Kabambare, na nyumbani kulikuwa na mbwa wawili. Mmoja jike, mwenye kengele ya mti shingoni, fundi wa kufuata harufu. Wa pili alikuwa dume mvivu, mlala majivuni jikoni kwangu, mwizi wa samaki.

Siku moja kapita, mkuu wa kijiji, akapita akitangaza: munganga wa nyama, yaani daktari wa wanyama, anakuja kuwapiga mbwa wote sindano ya kichaa. Aliyepigwa atavishwa medali. Asiye na medali, polisi atampiga risasi. Mimi nikashangilia. Bwana yangu akanuna. Kwao mbwa wa kuwinda huoshwa pua kwa majani ya porini, na mkono wa mgeni ukimgusa, wanasema, harufu inapotea na nyumba nzima inakula sombe tupu, majani ya muhogo bila kitoweo. Akamfungia jike chumbani kwa mama yake, akampeleka yule mvivu barabarani kwa munganga. Aliporudi, akaivua ile medali, akaifunga shingoni mwa jike.

"Na sindano?" nikamwuliza.

Mama mukwe ndiye aliyejibu, akicheka: "Mutoto wangu, kinga inakaa mu shingo. Haikae mu matako."

Nami ningebisha vipi? Kwetu kila kinacholinda kilivaliwa shingoni: hirizi ya mwalimu wa mjini, msalaba wa misheni. Lakini moyo haukukubali. Usiku nageuka, mchana nachungulia mbwa. Haikupita muda polisi akaja kukagua, akamkuta mvivu wangu shingo tupu, akampiga risasi pale pale nyuma ya jiko. Huyo aliyepigwa sindano! Nilimlilia, na bwana yangu akaniambia niache kelele.

Kisha mbwa asiyejulikana akatokea upande wa jirani zetu Wamaza, mate yanamchuruzika, akamuuma jike shambani. "Iko na medali," bwana yangu akasema, akamtia majani kwenye kidonda. Wiki zikapita. Nikaanza kusahau. Halafu jike akaanza kujificha uvunguni na kutafuna kuni. Bwana yangu akaingiza mkono amtoe, jike akamuuma kidole hadi damu.

Ee Mungu! Nilitoka nje, nikaingia, nikatoka tena. Sufuria ikaungua. Kwa bahati munganga wa nyama alikuwa anarudi kutoka Lusangi, amesimama kwa kapita. Nilimvuta bwana yangu kwa shati mpaka kule, mama yake nyuma yetu.

Munganga akatazama kidole, akauliza: "Ile imbwa ilipigwa sindano?"

"Iko na medali," bwana yangu akasema.

"Basi sawa. Kama ilipigwa, tutaiangalia tu. Kama haikupigwa, leo leo unapanda kamyo, unaenda hospitali ya Kasongo. Ukichelewa hakuna dawa."

Bwana yangu akainamisha kichwa. Polisi alikuwa amekaa pale, fimbo magotini, na kudanganya serikali tulijua malipo yake. Nikamngoja aseme. Akakificha kidole chini ya shati. Mama mukwe akanifinya mkono, maana mke hamwaniki mume wake mbele ya watu. Munganga akaanza kufunga sanduku lake.

"Wongo!" nikapiga kelele. "Ile medali ni ya imbwa ingine! Ile mulishaua! Hii haijaguswa hata na sindano!"

Mama mukwe akajishika kichwa. "Umemuuza mutoto yangu!" Bwana yangu aliniangalia kama hanijui. Jike alipigwa risasi kabla ya kamyo, lori la kwenda Kasongo, kufika, na bwana yangu akalazwa chini akachapwa mbele yetu sote. Kila fimbo niliihesabu. Lakini nilimtazama dereva zaidi, nikiomba asichoke kungoja.

Kasongo walimpiga sindano tumboni, siku baada ya siku, na siku zote hizo hakunisemesha. Nilikuwa nampelekea maji na kusimama mlangoni, macho kwenye koo lake anavyomeza. Ile ya mwisho ilipokwisha, akanywa kikombe chote, akakiweka chini.

"Mwanamke mwingine angeficha aibu yangu," akasema.

"Ndiyo," nikamjibu. "Halafu angekuzika nayo."

Akasogeza miguu kitandani, nipate pa kukaa.